Benchi la Kiswahili

Kwanza nikuambie ukweli: ukienda kusali kanisa lile la kilima cha Rebero, Kigali, usiende na njaa wala na haraka. Ibada huanza asubuhi na huisha Roho akipenda. Mlangoni utapokewa na kina mama waliovaa tepe za kijani begani, watakushika mkono kwa mikono yao yote miwili, watakuonyesha pa kukaa, na usithubutu kujichagulia mwenyewe. Kisha zinakuja kwaya. Na nikisema kwaya sisemi moja. Ziko nne, na kila moja inaamini kwamba zile nyingine tatu zinapoteza muda wa watu. Halafu shuhuda, sadaka, mahubiri, maombi ya wagonjwa, na mwisho kabisa, tumbo lako likiwa limeshaanza kunung'unika, matangazo na wageni.

Wageni wamewekwa mwisho makusudi, ili wasitoroke. Mama Mukagasana, mkuu wa wapokezi, husimama mbele na kipaza sauti akaomba wageni wainuke. Mgeni husema jina lake na anakotoka, kisha Mukagasana humwuliza swali ambalo hajalisahau hata Jumapili moja: umekuja na nani? Yule aliyekuleta naye huinuka palepale alipo, watu wakapiga makofi, mkaimbiwa nyote wawili. Katika kanisa lile mgeni hasimami peke yake. Wanajisifu sana kwa hilo, na sina ubishi nao, maana ni jambo zuri.

Ila huko nyuma kabisa, karibu na mlango wa pembeni, kuna benchi moja ambalo makofi hayo hayajawahi kulifikia. Wanaliita benchi la Kiswahili. Zamani lilikuwa linajaa: Wakongo wa Bukavu, Watanzania wa maofisini, Wakenya wa biashara, wote wamebanana pale. Katikati yao alikaa Frederick Nizeyimana, Mnyarwanda aliyezaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania, akiwatafsiria mahubiri kwa sauti ya chini, nao wamemwinamia vichwa ili neno lisiwapite. Basi huyu mkataba ukaisha akarudi kwao, yule akahamia Kampala, wengine Kinyarwanda kikawaingia wakasogea mabenchi ya mbele. Mmoja baada ya mwingine, wakaisha. Akabaki Auma.

Auma alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda chake mtaa wa Gisimenti, katikati ya baa na wauza simu, akishona mishanana, yale mavazi ya Kinyarwanda, ya harusi za watu. Mluo wa Kisumu huyo, mtu mzima, mwembamba, mwenye kicheko kikubwa ambacho siku hizi kilikuwa hakipati kazi. Yeye na mumewe, fundi wa malori, walipanga nyumba Rebero walipohamia Kigali, na Jumapili yao ya kwanza kanisani walisimama pamoja kama wageni. Mukagasana akauliza umekuja na nani, mume akamwonyesha mke, mke akamwonyesha mume, kanisa zima likacheka. Waliletana.

Mume alipofariki walimsafirisha kumzika kwao. Matanga yalipokwisha, wakwe wakamwambia arithiwe na shemeji yake ambaye tayari alikuwa na wake wawili na mdomo mrefu. Auma akakataa. Wakamwambia basi asionekane tena pale. Akarudi Kigali na begi lake, akahama Rebero akapanga chumba Gisimenti karibu na kazi. Mwanawe, Norman, alikuwa Nairobi na mke na shughuli zake. Alipiga simu alipokumbuka, na hakuwa na kumbukumbu nzuri. Kanisa peke yake ndilo Auma hakulihama. Kila Jumapili alipanda pikipiki, akavaa helmeti juu ya kilemba chake, akapanda kilima cha Rebero kilemba kikiwa kimebonyea upande mmoja, akaenda kukaa kwenye benchi lake.

Sasa hapa ndipo penye jambo lenyewe, na nalisema waziwazi ili usije ukanilaumu baadaye. Auma alikuwa anajua Kinyarwanda. Na si kile cha kuombea maji. Utamshoneaje bibi harusi wa Kigali, na mama yake, na shangazi zake watatu wanaogombana juu ya kiuno, kwa lugha ya ishara? Kilimwingia taratibu kibandani, hadi Jumapili moja akagundua kwamba mahubiri ameyaelewa yote kabla Frederick hajafungua kinywa. Moyo ukamruka. Akageuka amwambie.

Lakini Frederick tayari alikuwa ameinama upande wake, kama kawaida, akinukia chai ya tangawizi. "Mama," alinong'ona, "anasema tusichoke kutenda mema." Na Auma akanyamaza.

Usianze kuwaza mambo yako. Frederick alikuwa na mke, Umulisa, mwimbaji wa kwaya ya kwanza, na Auma hakuwa na shida na mume wa mtu. Shida yake ilikuwa nyingine. Kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi watu walizungumza naye juu ya pindo na vifungo. Usiku alizungumza na redio. Katika wiki nzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeinama karibu na sikio lake, akamwita mama, akamwambia maneno ambayo hakuna mwingine duniani aliyekuwa anaambiwa wakati ule. Akimwambia najua, benchi linakufa siku hiyohiyo. Basi akawa kila Jumapili anasikia neno, analiweka pembeni, anasubiri lirudi kwa Kiswahili. Alikuwa na upweke, na ulimuuma, na ile ndiyo dawa pekee aliyokuwa nayo.

Dawa yenyewe ilikuwa na uchungu wake. Kwa kuwa kanisa zima liliamini hasikii Kinyarwanda, hakuna aliyejisumbua kumsemesha. Mukagasana alimpokea mlangoni kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde: "Mama Auma! Iko muzuri?" Kisha dole gumba juu, na mazungumzo yameishia hapo. Siku moja baada ya ibada, Auma akitafuta mwavuli wake pale mlangoni, mama mmoja anayeitwa Gahongayire alimwambia mwenzake kwa Kinyarwanda, tena bila kushusha sauti, huku akimwangalia Auma usoni kwa huruma: "Maskini huyu mama. Siku akifa kwenye hicho chumba chake, nani atajua?"

Kisha akamtabasamia. Na Auma, jamani, ilibidi naye atabasamu, kama mtu aliyeambiwa safari njema. Alitabasamu njia nzima mpaka Gisimenti ndani ya helmeti, maana aliogopa akiacha atalia, na dereva wa pikipiki atauliza.

Ndivyo miaka ilivyokwenda. Mpaka ikaja Jumapili ya mishikaki.

Mchungaji Nsabimana ni mhubiri mzuri lakini hana haraka, na akiona watu wanasinzia huwatupia kichekesho. Siku hiyo alikuwa anahubiri juu ya kukesha. Akasema mwezi uliopita alialikwa kuombea chakula kwenye sherehe ya mahari. Sahani ya mishikaki ikawekwa mbele yake, moto moto, imenona. Naye, kwa kutaka kuwapendeza wakwe, akafumba macho akaomba sala ndefu, akaombea maharusi, akaombea ng'ombe wa mahari, akaombea na wajukuu ambao hawajazaliwa. "Nilipofumbua macho," akasema, "sahani ilikuwa na vijiti tu. Na mzee aliyeitikia Amina kwa nguvu kuliko wote, Amina yenyewe haikusikika vizuri, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa."

Auma akacheka. Hakutabasamu, alicheka kile kicheko chake cha Kisumu, kikubwa, cha kutoka tumboni, akapiga na goti. Alicheka pamoja na kanisa zima, katika sekunde ileile na kanisa zima. Frederick alikuwa ndiyo kwanza anavuta pumzi aanze kutafsiri.

Kicheko kikakatika. Alijua amefanya nini. Akatazama mbele, mikono mapajani, akisubiri Frederick aendelee, akimwomba Mungu kwamba aendelee. Frederick hakusema neno. Mchungaji akahubiri sentensi nyingine, na nyingine. Ndipo Frederick alipoinama, akamwuliza kwa sauti ya chini kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alimwuliza kwa Kinyarwanda: tangu lini?

"Zamani," Auma akajibu kwa Kiswahili.

Frederick akakaa wima. Mahubiri yakamalizika, wagonjwa wakaombewa, wageni wakaimbiwa, na hakugeuka tena.

Auma alimkuta nje, penye ukuta unaotazama bonde, watu wakiwa bado wanakumbatiana na kuagana.

"Ndugu Frederick, nisikilize."

"Nimekusikiliza, mama. Umecheka, nimesikia." Hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mama, mimi nilikuwa naimba sauti ya tena kwenye kwaya ya kwanza. Unajua? Nilisimama karibu na mke wangu, tukiimba. Nikaacha, kwa ajili ya benchi lile. Wenzako walipoisha, mchungaji aliniambia rudi sasa, nikamwambia hapana, yuko mama mmoja hasikii, hatuwezi kumwacha. Jumamosi jioni namfuata mchungaji anipe somo, nakaa na Biblia ya Kiswahili natafuta maneno. Nilimwambia Mungu hii ndiyo kazi yangu kwako. Kumbe nilikuwa namfanyia nani?"

"Mimi," Auma akasema.

"Wewe hukuwa na haja nayo."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Maneno yalikuwepo, yamejaa kifuani, kwa Kiswahili, kwa Kijaluo, kwa Kinyarwanda, lugha zote tatu ziko tayari, na mdomo ukakataa. Alishika mkoba wake akatazama viatu.

"Ungeniambia tu kwamba unataka mtu wa kukaa naye," Frederick akasema. "Ningekaa."

"Ndugu yangu, nani huwa anasema maneno kama hayo?"

"Sijui," Frederick akasema. Umulisa alikuwa anamwita kutoka getini. Akaenda.

Wiki ile Auma alishona vibaya. Alikata kwapa la gauni la mteja kubwa kuliko linavyotakiwa akalazimika kununua kitambaa kingine. Jioni alikaa kitandani na redio imezimwa, akasikiliza muziki wa baa ya jirani na watu wakicheka kwenye meza zao. Aliwaza kumpigia Norman, akashika simu, akaiweka. Atamwambia nini? Kwamba nimegombana na mtu kanisani? Atasema mama, hama kanisa, makanisa yapo mengi. Na ni kweli yapo mengi. Jumamosi usiku alishaamua kwamba hatakwenda.

Jumapili akaenda. Usiniulize kwa nini; mtu aliyezoea kupanda kilima, miguu humwamsha.

"Mama Auma! Iko muzuri?" Mukagasana, dole juu. Kwa hiyo Frederick hakumwambia mtu. Auma akainua dole lake naye, akaenda kwenye benchi la nyuma, akakaa mahali pake pa siku zote, ameacha nafasi ya mtu mmoja upande wa kulia.

Kwaya ya kwanza ikasimama, na Frederick yumo, kitenge cha bluu kimembana kidogo tumboni maana kilishonwa zamani. Akaimba. Ee, yule mtu alikuwa na sauti! Ilipanda juu ya nyingine zote bila kusukumana nazo, na Umulisa pembeni yake alikuwa anatabasamu waziwazi. Auma akasikiliza, akaona aibu. Miaka yote ile alikuwa ameifungia sauti ile sikioni mwake, peke yake, ikinong'ona.

Mahubiri yakaja. Akaelewa kila neno, na kila neno likafika likapita, kwa sababu hakukuwa na aliyelileta. Kanisa limejaa mpaka kwenye ngazi, na kwenye benchi la Kiswahili alikaa mwanamke mmoja na mkoba. Kwenye maombi ya wagonjwa akafumba macho akajaribu kuomba, akajikuta anarudia kichwani swali la Gahongayire. Siku akifa, nani atajua? Alihesabu watu ambao wangejua, na hakupata wa kuanza naye.

Mukagasana akashika kipaza sauti. Wageni wasimame. Wakasimama kijana mmoja wa Nyamata aliyeletwa na mjomba wake, na mke na mume waliohamia mtaani. Makofi, wimbo. "Kuna mwingine?"

Auma akasimama.

Ilichukua muda watu kumwona, maana huko nyuma hakuna anayetazama. Kisha vichwa vikaanza kugeuka. Mukagasana akatabasamu tabasamu la kuchanganyikiwa, akamwonyesha kwa mikono kwamba akae, kwamba wewe si mgeni, mama, kaa. Auma hakukaa. Mchungaji Nsabimana akaona labda ana ombi au ushuhuda, akageukia kwaya: "Frederick, hebu mfuate umsaidie."

Frederick akashuka. Alipita katikati ya kanisa na kitenge chake cha kubana, akaja akasimama upande wa kulia, mahali pake palepale, uso hausomeki. Mukagasana naye akafika na kipaza sauti, akakiweka katikati yao. Wote wakasubiri Kiswahili.

"Nitwa Auma," Auma akasema. Naitwa Auma. Kisha akaendelea kwa Kinyarwanda hichohicho cha Gisimenti, chenye Kijaluo ndani yake lakini kimenyooka.

Alisema amekuwa akiwaelewa kwa miaka mingi. Alisema alificha, na kwamba Ndugu Frederick hakujua, asilaumiwe. Alisema alificha kwa sababu mtu akimtafsiria, basi kuna mtu anayezungumza naye. Akasema hata lile neno la pale mlangoni, la kwamba akifa nani atajua, alilisikia. Kwenye benchi la kati Gahongayire akajifunika uso kwa mtandio. "Sikukasirika," Auma akasema. "Lilikuwa swali zuri. Mimi pia najiuliza." Akayatazama mabenchi ya mbele. "Nimesali hapa muda wote huu na hakuna anayejua nyumbani kwangu. Ndiyo maana nimesimama. Naona mimi bado ni mgeni."

Hakuna aliyepiga makofi, nani angepiga? Mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa. Mukagasana maskini, amesimama na kipaza sauti, machozi yanamshuka, hajui afanye nini, akafanya kile kitu kimoja alichokuwa anakijua. Akauliza, kwa Kinyarwanda, kwa sauti iliyopasuka:

"Umekuja na nani?"

Swali likatoka mdomoni kabla hajalifikiria, na alipolisikia akataka kulirudisha. Lakini lilishasemwa. Kanisa lile ambalo mgeni hasimami peke yake, mabenchi yote yakatazamana, kila mtu akingoja mwingine ainuke. Hakuinuka mtu. Auma akatazama sakafu.

Ndipo akasikia harufu ya tangawizi. Frederick alikuwa ameinama, kama Jumapili zote za nyuma, mdomo karibu na kilemba.

"Mama," alinong'ona kwa Kiswahili, "anauliza umekuja na nani."

Auma alikuwa ameshalisikia swali. Alimwacha amalize kulitafsiri mpaka neno la mwisho, taratibu, halafu akajibu kwa Kiswahili naye, kwa kunong'ona.

"Mwambie nimekuja peke yangu."

Frederick akachukua kipaza sauti mkononi mwa Mukagasana, akawageukia watu.

"Anasema amekuja na mimi," akatafsiri.

Na Auma, aliyeelewa kila neno, hakumsahihisha.